Ponche Inakosa Kitu

Mtaani San Matías hakuna asiyemjua Duvi. Jina lake la ubatizo ni Eduviges, lakini hilo hulitumia padri peke yake. Kazi yake ni kumshonea nguo Mtoto Yesu. Kila nyumba pale ina sanamu yake ya Mtoto, na kila Februari lazima avikwe nguo mpya kabla ya kupelekwa kanisani kubarikiwa. Kwa hiyo kuanzia Novemba meza ya Duvi hujaa vitoto vya udongo na vya plastiki, vimelala chali, uchi, vikingoja kupimwa. Mwenye hiki anataka joho la mfalme, mwenye kile anataka koti la daktari, na kwa kuwa watu wana mambo yao, hakosekani anayetaka jezi ya mpira. Duvi huwashonea wote, pini mdomoni, huku akiwasemesha.

"Tulia wewe! Hata kama babako ni Mungu, kwangu hapa utapimwa kama wenzako."

Aliwahi kuwa na mchumba, fundi wa magari, aliyekwenda kaskazini kutafuta maisha. Alimngoja mpaka kungoja kwenyewe kukamchoka, naye akabaki na mama yake. Hakulalamika. Alikuwa na cherehani yake, sauti nzuri ya kuimba, na ulimi ambao watu waliuogopa kidogo. Kitu kimoja tu alikikosa, na kitu chenyewe kilikuwa neno. Neno hilo ni "imekubali", na lilikuwa mdomoni mwa mama yake.

Jambo lilikuwa hivi. Jioni tisa kabla ya Krismasi watu wa San Matías huzunguka na mishumaa wakiimba mlangoni mwa jirani kuomba malazi, kama walivyoomba wazazi wa Mtoto Yesu, kila jioni nyumba yake, na wakishafunguliwa hupewa ponche, kinywaji cha moto cha matunda na sukari. Usiku wa mlima huwa hauna huruma, na bila ponche hata watakatifu wasingetoka. Lakini hakuna aliyethubutu kutia kikombe mdomoni kabla Bi Hermelinda, mama yake Duvi, hajaonja. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hukaa kwenye kigoda chake mbele ya chungu, akachota kwa upawa wake wa mti uliokwisha kuwa mweusi kwa moshi, akapuliza, akafyonza, akafumba macho. Watu wote kimya. Ikiwa nzuri, husema "imekubali", na upawa humpa mpishi agawe. Ikiwa mbaya, husema hivyohivyo ilivyo, na mwenye nyumba hukumbushwa mwaka mzima.

Jioni ya mwisho, ile ya mkesha wa Krismasi, ilikuwa ya nyumba yao. Tangu magoti ya Bi Hermelinda yalipokataa kazi, aliyepika ni Duvi. Na kila mwaka mama alionja, akafumba macho, akayafumbua, akasema lile lile:

"Si mbaya. Inakosa kitu."

"Inakosa nini, mama?"

"Ningejua si ningekwambia?"

Duvi alijaribu kila hila. Aliongeza mapera, akapunguza mapera. Alibadilisha miwa. Alitia tejocote, yale matunda madogo ya manjano ya mlimani, akiyamenya moja moja mpaka vidole vikachubuka. Alitia ukwaju, maua mekundu ya rozela, mdalasini wa gome nene, sukari guru ya kwa mzee mmoja tu aliyemwamini. Wageni wakilamba vidole, yeye anamwangalia mama. Si mbaya. Inakosa kitu. Wengine wangezoea. Duvi hakuzoea. Kila mwaka neno hilo lilimwingia mahali pale pale.

Kisha akaja Yadira.

Yadira alikuwa mke wa Crispín, mdogo wake Duvi, aliyeletwa kutoka pwani ya Veracruz kama mtu anavyoleta samaki mbichi: kwa haraka na kwa majivuno. Walipewa vyumba vya upande wa pili wa ua. Alicheka kwa sauti, aliimba akifua, alitembea kana kwamba kuna ngoma inapigwa mahali ambapo wengine hawaisikii. Bi Hermelinda, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alianza kucheka.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," Duvi alimwambia jirani yao Bi Chole. "Wangoje tu. Watamchoka."

"Mama yako mbona hajamchoka, shoga? Jana nimewasikia wanaimba wote wawili."

"Mama yangu ni mtu mzima. Anaimba na yeyote."

"Na wewe anaimba nawe?"

Bi Chole alikuwa na kipaji cha kuuliza swali moja tu, lile lenyewe.

Siku moja ya Novemba mama alishikwa na kikohozi. Yadira akapika ponche kidogo kwenye sufuria ya bati, kama wanavyopika kwao, akampelekea kitandani. Duvi alikuwa chumba cha pili akimshonea Mtoto wa mwalimu mkuu kanzu nyeupe. Ukuta ulikuwa mwembamba. Alisikia kufyonza. Alisikia kimya.

"Eh!" ikasema sauti ya mama yake. "Una mkono, binti yangu. Niongeze."

Binti yangu! Sindano ikamchoma Duvi kidole, na tone la damu likaangukia kwenye kanzu ya Mtoto. Alilifua kwa mate na chumvi, akalisugua, akalisugua, huku machozi ya hasira yakimtoka. Nani aliyemgeuza mama huyu kitandani usiku? Nani aliyemkata kucha? Miaka yote hiyo hakupewa hata "una kidole", na huyu wa juzi, mwenye sufuria ya bati, kapewa mkono mzima.

Mambo hayakuishia hapo. Desemba ilipoanza, Bi Hermelinda aliwaita wote watatu, Duvi, Crispín na mkewe, akawaambia bila kuzunguka:

"Macho yananiaga. Magoti yaliniaga zamani. Krismasi hii ndiyo ya mwisho mimi kushika upawa. Apike Yadira. Nikimkubalia, upawa ni wake, aonjee mtaa. Nisipomkubalia, ubaki kwa Duvi."

Crispín akatabasamu mpaka masikioni. Yadira akasema, "Lakini mama, wifi ndiye mwenyewe hasa..."

"Nimesema."

Ubaki kwa Duvi. Kama makombo. Duvi alisema "sawa, mama", akarudi chumbani, akaketi kitandani. Chini ya kitanda hicho kulikuwa na chungu. Alikinunua mwenyewe kwa wafinyanzi sokoni, kikubwa, chekundu, mdomo mpana, akakifunga kwa magazeti, kwa ajili ya mwaka ambao upawa ungekuwa wake. Alikuwa na chungu kingine, cha zamani, kilichotundikwa ukutani mle mle chumbani. Lakini kile cha chini ya kitanda kilikuwa ndoto yake. Aliinama akakigusa kwa vidole. Wivu ulikuwa umemkaa kifuani kama mgeni asiyejua kuaga.

Asubuhi ya siku yenyewe, Duvi akiwa amejikunja kwenye cherehani, alisikia kitu kikilia *pa!* upande wa pili wa ua, halafu moto kuzima kwa mlio, halafu Yadira kulia. Baada ya muda akamwona mlangoni, mikono imejaa majivu.

"Wifi. Wifi yangu, nimekufa."

"Umekufa na unaongea?"

"Chungu cha mama kimepasuka. Kilikuwa cha moto, nikaongeza maji ya baridi. Sikujua, wifi, kwetu tunapikia sufuria. Nimemwambia mama nitumie sufuria yangu, amesema ponche ya sufuria ni dawa ya kikohozi, si ponche ya Krismasi. Niazime chungu, nakuomba."

"Ingia," Duvi alisema. "Nifungie mlango, baridi hiyo."

Na Yadira alipogeuka kufunga mlango, Duvi alichukua kitambaa cha kanzu ya Mtoto fulani na kukitupa juu ya kile chungu cha zamani ukutani. Mkono ulifanya kazi hiyo kabla kichwa hakijashauriwa. Kisha akapiga magoti, akakivuta kile cha chini ya kitanda.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo kila msichana wa San Matías hulijua kabla hajajua kusuka nywele: chungu kipya hakipikiwi hivihivi. Unakilaza ndani ya maji siku nzima, ukakipaka kitunguu saumu matakoni, ukachemshia maji ya chokaa, ukamwaga, ukachemsha tena. Ndiyo kukikomaza. Usipokikomaza, hukupa udongo wake wote, na chakula chako kikawa tope la kula kwa kijiko.

"Kizuri hivi!" Yadira akasema. "Wifi, hiki kipya kabisa. Nakifanyaje? Nakiosha tu?"

Alikuwa anamtazama Duvi usoni, macho bado mekundu kwa kulia. Duvi angeweza kusema. Neno moja lingetosha, na kile cha zamani kilikuwa pale pale ukutani chini ya kitambaa.

"Suuza vumbi," alisema. "Kinatosha."

Yadira alimkumbatia, chungu kikiwa katikati yao, akaondoka nacho mbio. Duvi alirudi kwenye cherehani, akashona mstari mrefu ulionyooka kuliko yote aliyoshona mwaka huo.

Kufikia alasiri ua ulikuwa umejaa. Watoto walikuwa wanatundika nyota za karatasi, wanawake wanapanga viti, Crispín anahangaika na kuni kana kwamba yeye ndiye anayepika. Katikati, juu ya mafiga matatu, kilikaa chungu chekundu. Mvuke wake ulibeba mdalasini na mapera, na chini ya hayo harufu nyingine, ile ya barabara ya vumbi inapopigwa na mvua ya kwanza. Chungu chenyewe kilikuwa kinatoka jasho. Duvi aliyaona matone yakishuka ubavuni na moyo wake ukaruka kwa furaha, furaha mbaya, lakini furaha.

Bi Chole hakuweza kungoja. Alijifanya anakoroga, akachovya kidole, akakinyonya. Uso wake ukajikunja.

"Mh! Mh! Yadira, mwanangu, umepika na kaburi?"

"Nini, Bi Chole?"

"Onja mwenyewe. Hiyo ni tope yenye sukari!"

Yadira alionja. Akamgeukia mtu mmoja tu katika ua ule wote.

"Wifi, nionjee. Niambie niongeze nini."

"Mimi nionje kabla ya mama?" Duvi akasema, kwa sauti ya upole ambayo hata yeye mwenyewe aliichukia. "Si desturi, wifi."

Wanawake wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema watu wa pwani wanajua samaki, matunda waachiwe wengine. Mwingine akacheka kwa pua. Yadira akaongeza sukari guru, akaongeza rozela, akaongeza mdalasini, na tope likazidi kuwa jekundu na tamu, lakini tope. Duvi alisimama karibu na kigoda, mikono mbele, kama mtu anayengoja kuitwa jina.

Bi Hermelinda akatolewa nje akiwa amejifunga shali, akaketishwa. Crispín akampa upawa. Kizee kikachota, kikapuliza, kikafyonza, kikafumba macho.

Akakaa hivyo. Akakaa mpaka watu wakatazamana. Duvi alikuwa anajua mama atasema nini, na alikuwa tayari ameshapanga uso wa kusikitika.

Bi Hermelinda akachota tena bila kufumbua macho. Akanywa yote. Akachota mara ya tatu, akatafuna tejocote polepole, na chozi likamtoka, likapita kwenye mikunjo ya shavu, yeye hakujishughulisha nalo.

"Hii," akasema. "Hii hapa. Yesu na Maria. Ndiyo iliyokuwa inakosekana."

Hakuna aliyeelewa.

"Mama yangu alikuwa mfinyanzi, kule Acatlán," Bi Hermelinda akaendelea. Alikuwa anaongea na chungu zaidi ya watu. "Vyungu vyote vilikuwa vya kuuza. Sisi wenyewe hatukuwa na chungu. Krismasi alikuwa anachukua kimoja kilichotoka tanuuni siku hiyo, tunapikia hivyohivyo, halafu kesho yake kinaoshwa kinakwenda sokoni na vingine. Tulikuwa tunakunywa ponche na udongo wake. Nilikuwa mdogo, sikujua kama ni udongo. Nilijua tu ni ponche ya mama. Maisha yangu yote naonja ponche za watu natafuta hiyo." Akajifuta kwa ncha ya shali. "Nani kafanya hivi?"

Na Yadira, ambaye angeweza kunyamaza tu akashinda, akasema:

"Nimepika mimi, mama. Lakini cha kwako kilinipasukia. Chungu hiki ni cha wifi. Kipya, alikuwa amekificha chini ya kitanda. Amekitoa leo."

Bi Hermelinda aligeuza kichwa. Macho yake hayakuona vizuri tena, kwa hiyo aliunyoosha mkono hewani mpaka ukapata sketi ya binti yake.

"Duvi. Wewe unajua vyungu tangu mdogo. Hukukikomaza?"

"Sikukikomaza, mama."

"Kwa kusudi?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Duvi alihisi Yadira anamwangalia.

"Kwa kusudi," akasema.

"Kwa ajili yangu?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, watu husema. Hawasemi kwamba huko chini unaweza kukuta kile ulichokitafuta maisha yako yote, na ukakiokota.

"Ndiyo, mama. Kwa ajili yako."

"Imekubali!" Bi Hermelinda akapaza sauti, kwa nguvu ambazo hakuwa nazo tangu mwaka juzi. "Imekubali, binti yangu! Chukua upawa. Ni wako."

Aliyeanza kupiga makofi alikuwa Yadira. Wengine wakafuata. Bi Chole, aliyekwisha kugeuka upepo ulikogeukia, akatangaza kwamba yeye aliionja wa kwanza na alijua tangu mwanzo kuna siri ndani yake.

Mishumaa ikawashwa, nyimbo zikaimbwa mlangoni, malazi yakaombwa na yakapatikana. Kisha watu wakapanga mstari, vikombe mkononi, na Duvi akasimama kando ya kigoda cha mama yake akiwagawia ponche ya tope. Wakainywa wote, wakisifia, kwani nani angesema vingine? Mzee mmoja alikunywa kikombe chake kwa pumzi moja kama dawa ya minyoo, akamshukuru. Duvi akajichotea, akaonja. Ilikuwa mbaya. Alitafuta ndani yake kitu ambacho mama alikiona, akakuta udongo tu, na mdalasini, na kile alichokifanya asubuhi.

Yadira alikuwa pembeni yake akimpokezea vikombe, mikono yake bado ina majivu.

"Wifi," akamwambia kwa sauti ya chini, "mwakani utanifundisha hiyo kazi ya kukomaza? Bi Chole ameniambia sasa hivi inavyofanywa. Nikamwambia, ndiyo maana nilipokiosha maji yalikuwa mekundu, yakaendelea kuwa mekundu tu."

Mkono wa Duvi ulisimama juu ya chungu.

"Uliyaona? Na ukapika?"

"Niliyaona. Crispín alitaka nikurudishie. Nikamwambia acha, wifi hawezi kunipa kitu kibaya."

Alisema hivyo kama mtu anavyosema kesho ni Krismasi, akapokea kikombe, akampelekea mtoto aliyekuwa anangoja, akacheka naye kwa sauti yake ile ile.

Duvi alibaki na upawa mkononi. Neno lake alikuwa amelipata, mbele ya mtaa mzima, na "binti yangu" juu yake. Alimtazama Yadira anavyorudi akipita katikati ya watu, mwepesi, hana deni na mtu. Wivu ukamshika upya, mkali kuliko wote uliotangulia, na safari hii hakukuwa na chungu cha kumpa.

"Niletee kikombe chako, wifi," akasema. "Hujanywa."